UZI: Gari limekubali rimoti lakini mlango wa gereji haufunguki (HomeLink na mota za Marekani na Kanada)

Sengerema_MN — #1

Wakuu habari za leo. Gari ni la 2014, lina vitufe vitatu vya HomeLink (mfumo wa ndani ya gari wa kufungulia mlango wa gereji) kwenye kioo cha ndani na alama ya kijumba. Mota ya gereji ina kitufe cha LEARN (cha kuandikishia rimoti) cha njano, na pembeni yake kuna waya wa njano unaning'inia. Nimefuata kitabu cha gari: rimoti karibu na kioo, nikabonyeza cha gari na cha rimoti kwa pamoja, kitaa kikaanza kupepesa haraka, nikaachia. Sasa nikibonyeza kitufe cha gari, kitaa kinapepesa haraka kwa kama sekunde mbili, kisha kinawaka bila kupepesa. Mlango hausogei. Rimoti yenyewe inafungua vizuri. Kimebaki nini?

Bisibisi — #2

Mkuu, umemaliza nusu ya kwanza na umeifanya sawasawa. Kitaa kupepesa haraka kisha kutulia maana yake gari limeelewa kwamba mota hii inatumia msimbo unaobadilika. Mota ndiyo bado hailijui gari lako.

Hapa ndipo watu wengi wanakwama, kwa hiyo ni vizuri kuelewa sababu. Rimoti za zamani zilikuwa na swichi ndogo ndogo ndani, nane, kumi au kumi na mbili. Mpangilio wa swichi hizo ndio msimbo wenyewe, na haubadiliki mpaka mtu afungue rimoti azisogeze. Gari likiusikia linaunakili, kazi imeisha. Katikati ya miaka ya 1990 watengenezaji wakubwa wa Marekani walihamia kwenye msimbo unaobadilika: kila ukibonyeza, rimoti inatuma namba mpya, na mota inajua namba zipi zinafuata kwa kila rimoti iliyoandikishwa kwake. Kitu cha namna hiyo hakinakiliwi. Gari linachojifunza kutoka kwenye rimoti yako ni masafa na aina ya mfumo tu, kisha linajitengenezea utambulisho wake. Kwa mota, gari lako ni rimoti ngeni ambayo haijawahi kusikika.

Nusu ya pili ni hii:

1. Washa swichi ya gari bila kuwasha injini. Gari liwe nje, au mlango wa gereji uwe wazi. Injini isiungurume ndani ya gereji iliyofungwa hata kwa dakika chache, moshi wake unaua na hauna dalili ya kukuonya.
2. Panda ngazi hadi kwenye mota, bonyeza LEARN mara moja na uachie. Kitaa cha pembeni yake kitawaka. Usiendelee kukishikilia: ukifika kama sekunde 6 mota inafuta rimoti zote, pamoja na kibodi ya namba iliyoko nje.
3. Una sekunde 30. Ingia kwenye gari, bonyeza kitufe ulichokifundisha kwa sekunde 2, achia. Rudia mara ya pili, na ya tatu kama mlango bado haujasogea. Taa za mota zikipepesa au ukisikia mlio wa "tik" kutoka juu, imeandika.

Mkiwa wawili ni rahisi zaidi, mmoja kwenye ngazi na mwingine kwenye usukani. Watoto na wanyama wasiwe karibu na mlango, kwa sababu unaweza kusogea wakati wowote katika hatua hiyo ya mwisho.

Waya Mbili — #3

Naongezea kwenye maelezo ya Bisibisi. Kabla hujagusa kitufe chochote cha gari, panda uangalie rangi ya kitufe cha LEARN. Kwa mota za Chamberlain, LiftMaster na Craftsman nyingi (zote zimetoka kwenye kundi moja la Chamberlain), rangi inakuambia karibu kila kitu.

Kijani ni mota za takriban 1993 hadi 1996, masafa 390 MHz. Chungwa au nyekundu ni Security+ (jina la msimbo unaobadilika wa Chamberlain) ya kwanza, 390 MHz, kuanzia kama 1996 hadi 2005. Zambarau ni Security+ ya 315 MHz, kuanzia 2005. Njano ni Security+ 2.0, iliyoanza 2011, inayotumia 310, 315 na 390 MHz kwa pamoja. Mota ya zamani isiyo na LEARN kabisa ni ya swichi ndogo, na hiyo haihitaji nusu ya pili aliyoieleza Bisibisi.

Genie hawana mpangilio huo wa rangi. Mfumo wao unaitwa Intellicode, na kwenye mota zao za karibuni kitufe kimeandikwa PROGRAM au SET. Unakishikilia mpaka kitaa cha duara kiwake bluu, unaachia, kitaa kirefu kinaanza kupepesa zambarau, ndipo unaenda kubonyeza kitufe cha gari. Bonyeza taratibu, ukiacha nafasi kati ya mbonyezo na mbonyezo, mpaka vitaa vyote viwili vipepese bluu na kuzimika. Mbonyezo unaofuata ndio unaosogeza mlango.

MamaNeema_Columbus — #4

Ndugu zangu, kitu kimoja mnakiruka. Kuna watu hata nusu ya kwanza inawashinda: kitaa cha gari kinapepesa polepole dakika nzima na hakibadiliki. Naomba mueleze hapo pia, wengi wataingia kwenye uzi huu wakiwa na tatizo hilo.

Bisibisi — #5

Sawa dada, ni kweli.

Sababu ya kwanza ni betri ya rimoti. Rimoti iliyochoka bado inafungua mlango, kwa sababu risiva ya mota ina antena nzuri na inasikia vizuri, lakini gari linataka mawimbi safi ili litambue mfumo. Rimoti nyingi za Chamberlain na LiftMaster za miaka hii hutumia CR2032. Weka mpya kabla ya kuanza. Kwenye baridi ya Januari huko kaskazini betri iliyokaa garini usiku kucha hulegea zaidi, kwa hiyo fanyia kazi hii rimoti ikiwa imetoka ndani ya nyumba.

Ya pili ni umbali. Magari mengi yanataka sentimita 2.5 hadi 8 kati ya rimoti na vitufe. Ukiigandisha rimoti kabisa kwenye kioo mara nyingi inakataa. Shika mkao mmoja kwa sekunde 15 hadi 20. Ukishindikana, achia, geuza rimoti ielekee upande mwingine, anza tena. Usiwe unaisogeza-sogeza huku umebonyeza.

Ya tatu ni kumbukumbu ya mwenye gari wa zamani. Futa kwanza: shikilia vitufe viwili vya pembeni, wa kushoto kabisa na wa kulia kabisa, mpaka kitaa kianze kupepesa haraka, kama sekunde 10 hadi 20 kulingana na toleo. Hii inafuta vyote vitatu. Kwa hiyo fanya mara moja tu mwanzoni, kamwe usirudie ukitaka kufundisha kitufe cha pili. Ukitaka kubadilisha kitufe kimoja bila kugusa vingine, kishikilie hicho peke yake kwa sekunde 20. Kitaa kikianza kupepesa polepole, leta rimoti bila kuachia kitufe na uendelee kama kawaida.

Ya nne ni rimoti yenyewe. Tumia iliyokuja na mota. Zile za kununua zinazofanya kazi na kila chapa zinabeba mifumo mingi ndani yake, na gari linaweza kujifunza mfumo usiokuwa wa mota yako.

Magari ya karibuni yana kitaa cha rangi mbili badala ya kasi ya kupepesa: chungwa likisubiri, kijani likikubali. Maana ni ile ile.

Kaskazi_Toronto — #6

Kwa walioko Kanada, hatua ya kwanza ina tofauti moja. Sheria za mawimbi huku zinataka rimoti ijizime yenyewe baada ya sekunde chache hata kama kidole bado kiko juu. Mara nyingi gari linakuwa bado halijamaliza kusikiliza. Dawa yake: shikilia kitufe cha gari bila kuachia, na wakati huo huo bonyeza na kuachia rimoti kila baada ya sekunde 2, mpaka kitaa kibadilike. Baadhi ya mageti ya Marekani yana rimoti zinazojizima hivyo hivyo, kwa hiyo hata walioko Texas au Ohio wakikwama wajaribu njia hii.

Sengerema_MN — #7

Imekubali! Asante Bisibisi, ilikuwa LEARN tu. Mbonyezo wa pili taa za mota zikapepesa, wa tatu mlango ukapanda.

Sasa kuna gari la pili hapa nyumbani, la 2008, nalo lina HomeLink. Limekubali rimoti, nimebonyeza LEARN, nimerudia hata mara tano ndani ya muda, mota haipepesi kabisa. Betri mpya. Je, mota imejaa?

Waya Mbili — #8

Haijajaa kaka. Mota za kitufe cha njano zinabeba rimoti nyingi kuliko nyumba ya kawaida inavyoweza kuwa nazo. Tatizo ni umri wa gari.

Security+ 2.0 ilitoka 2011. HomeLink iliyofungwa kwenye gari la 2008 ilitengenezwa kabla mfumo huo haujakuwepo, na HomeLink za wakati huo haziongezewi programu mpya. Kinachochanganya watu ni kwamba kitaa cha gari kinaweza kuonyesha limekubali, kwa sababu linasikia 315 au 390 MHz na kudhani ni Security+ ya zamani. Kisha linatuma kwa mfumo huo wa zamani, na mota ya njano haina habari nao. Magari ya kabla ya 2011 yako hivyo kwa wingi. Ya miaka michache iliyofuata yamechanganyika, mengine yanajua na mengine hayajui, ndiyo maana la 2014 lako limepita.

Una njia mbili. Ya kwanza ni ripita ya HomeLink. Ni kiboksi kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ndani ya gereji. Kinasikia mfumo wa zamani kutoka kwenye gari, kisha kinarusha Security+ 2.0 kwenda kwenye mota. Kanuni yake ni kukitambulisha kwa pande mbili: kwanza ripita na mota kwa kitufe cha LEARN, kama vile ni rimoti mpya; halafu gari na ripita. Karatasi inayokuja nacho ina hatua za toleo lako, zifuate kwa mpangilio huo huo. Kiweke karibu na mota, na usikichomeke kwenye soketi inayozimwa na swichi ya taa.

Ya pili ni kuacha HomeLink ya gari hilo na kubana rimoti ya kawaida kwenye kizuia jua. Kwa gari la 2008 ambalo huenda utaliuza karibuni, mimi ningechagua hii. Ni rahisi, na haina kifaa cha katikati cha kukusumbua siku umeme ukikatika na kurudi.

Kuna mafundi wanaoshauri kununua risiva ya nje ya msimbo wa zamani na kuifunga kwenye zile skrubu mbili za swichi ya ukutani. Kwa mota za zambarau, chungwa na za nyuma yake inafanya kazi, maana swichi ya ukutani pale kazi yake ni kugusanisha waya mbili tu. Mota nyingi za njano hazikubali hivyo. Paneli yake ya ukutani inazungumza na mota kwa data kupitia waya zile zile, na kuzigusanisha hakusogezi mlango. Usitoe pesa kabla hujajua rangi ya kitufe.

Bisibisi — #9

Waya Mbili amesema vizuri. Upande wa pili wa jambo hilo ni rahisi: gari jipya na mota ya zamani kwa kawaida havina ugomvi, maana HomeLink mpya zinabeba na mifumo ya zamani.

Ila kuna mpaka. Vitabu vya HomeLink vyenyewe vinakataza kuitumia na mota isiyosimama na kurudi nyuma ikigusa kitu, na vinataja zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 Aprili 1982. Na kuanzia tarehe 1 Januari 1993 kila mota mpya ya nyumbani inayouzwa Marekani lazima iwe na ulinzi wa ziada wa kuzuia mtu kunaswa. Kwa mota nyingi ulinzi huo ni yale macho mawili ya pembeni mwa mlango. Kama macho hayapo, badilisha mota, usihangaike kuiunganisha na gari. Ukishaweza kufunga mlango ukiwa barabarani bila kuuona, macho hayo ndiyo yanayomlinda mtoto aliye chini yake.

MamaNeema_Columbus — #10

Hapo hapo kwenye macho niongeze, kwa sababu naona watu wanafuta na kufundisha upya bila sababu. Dalili ikiwa hii: gari linafungua mlango vizuri, lakini likiamrishwa kufunga mlango unaanza kushuka kisha unarudi juu, au haushuki kabisa na taa za mota zinapepesa, basi kuunganisha hakuna kosa. Ni macho. Thibitisha kwa kushikilia kitufe cha ukutani bila kuachia mpaka mlango ufike chini. Ukifunga kwa njia hiyo tu, kagua macho: yawe yametazamana, yasizidi sentimita 15 kutoka sakafuni, utando wa buibui ufutwe, waya usiwe umetafunwa na panya. Jua la jioni likipiga jicho moja moja kwa moja linaweza kufanya hivyo hivyo kwa saa moja, kisha linapona lenyewe. Badilishana jicho la kushoto na la kulia ili lile linalopokea liwe upande wa kivuli.

Na kama hakuna rimoti hata moja inayofanya kazi, ya gari wala ya mkono, lakini kitufe cha ukutani kinafanya, angalia kitufe cha LOCK kwenye paneli ya ukutani. Kikiwa kimebonyezwa, kitaa cha paneli kinapepesa na mota inazipuuza rimoti zote. Kishikilie sekunde chache kitoke. Mtu hukigusa kwa begani akipita na mizigo.

Kusi — #11

Mimi naomba msaada wa umbali. Imeungana vizuri, lakini lazima gari lifike karibu kabisa na mlango ndipo ukubali. Rimoti ya mkono inafanya ukiwa barabarani mchana, usiku nayo inakuwa dhaifu.

Waya Mbili — #12

Mchana sawa, usiku dhaifu. Angalia balbu ndani ya mota.

Balbu nyingi za LED zina saketi ya kubadili umeme inayotoa mawimbi ya fujo, na fujo hiyo inaangukia kwenye 300 hadi 400 MHz, pale pale rimoti inapozungumzia. Taa ikiwaka, risiva inazibwa masikio. Jaribio lake: toa balbu zote kwenye mota, zima na taa nyingine za LED ndani ya gereji, rudi barabarani ubonyeze. Umbali ukirudi, nunua balbu za LED zilizotengenezwa kwa ajili ya mota za gereji. Ukitaka kuhakikisha chanzo ni kipi, chomeka kimoja kimoja. Chaja za betri na feni nazo zimo.

Halafu angalia ule waya wa antena. Uning'inie wima bila kupindwa, usigusane na chuma wala kufungwa pamoja na nyaya nyingine. Watu wanaukata wakidhani umechomoka, au wanaufutika ndani ya kifuniko ili pawe pasafi. Urefu wake umepimwa kwa masafa ya mota.

Kwa upande wa gari, tinti yenye chembe za chuma na vioo vya mbele vya kuakisi joto vinakula mawimbi, hasa HomeLink ikiwa kwenye kioo cha ndani. Hapo hakuna cha kurekebisha kwenye gari. Unaboresha upande wa mota.

Jambo moja zaidi kwa wanaoishi karibu na kambi za jeshi: redio za jeshi la Marekani zilianza kutumia 380 hadi 399.9 MHz katikati ya miaka ya 2000, na mota za 390 MHz za jirani zikapoteza umbali ghafla. Jeshi lina haki ya kwanza kwenye masafa hayo, malalamiko hayasaidii. Kama mota yako ni ya chungwa au kijani na uko eneo kama hilo, hamia ya 315 MHz au ya njano.

Kusi — #13

Nimetoa balbu, umbali umerudi. Shukrani sana.

Swali la mwisho: kuna gari tunataka kununua, limetumika. Muuzaji hana rimoti wala maelezo. Kuna hatari yoyote?

Bisibisi — #14

Hatari iko kwa muuzaji kuliko kwako, maana gari hilo bado linafungua mlango wake. Wewe futa vitufe siku ya kwanza kwa kushikilia viwili vya pembeni. Kuchomoa betri ya gari hakufuti, kumbukumbu ya HomeLink inabaki bila umeme. Na ukija kuuza, futa kabla ya kukabidhi funguo. Gari likiibiwa, nenda kwenye mota ushikilie LEARN sekunde 6 mpaka kitaa kizime, kisha andikisha upya zilizobaki na kibodi ya nje. Kwenye mota ya njano iliyounganishwa na myQ (programu ya simu ya kuendeshea mlango), kushikilia mara ya kwanza kunafuta rimoti; kushikilia tena mara ya pili kunafuta na muungano wa myQ.

Unaponunua nyumba fanya hivyo hivyo. Hujui mwenye nyumba wa zamani aliandikisha magari mangapi.

Na kama mota bado ni ya swichi ndogo, ibadilishe, au weka risiva ya nje ya msimbo unaobadilika. Swichi kumi ni mipangilio 1,024 tu, kumi na mbili ni 4,096. Mwaka 2015 mtafiti wa usalama Samy Kamkar alitumia kichezeo cha watoto cha Mattel alichokirekebisha na kuonyesha kwamba mlango wa msimbo usiobadilika unafunguka chini ya sekunde 10. Kuungana na gari kirahisi si sababu ya kuendelea kuwa nayo.

Kaskazi_Toronto — #15

Kabla ya kufuata hatua za hapo juu hakikisha gari lako kweli lina HomeLink. Baadhi ya magari, hasa ya Ford, yalikuja na mfumo wa Car2U. Vitufe vinafanana, utaratibu ni mwingine: kwa mota ya msimbo unaobadilika Car2U haitaki rimoti kabisa, unaanzia kwenye LEARN ya mota. Ukilazimisha hatua za HomeLink utabonyeza mpaka kesho.

Tesla nayo ina mambo yake. Nyingi za karibuni hazitoki na HomeLink kiwandani, ni kifaa cha kununua na kufungiwa nyuma ya bampa la mbele. Kwa hiyo rimoti unaishika mbele ya bampa, nje ya gari, na unaanzisha kazi kwenye skrini. Unabonyeza rimoti mpaka taa za mbele zipepese, kisha unaenda kwenye LEARN kama kawaida. Gari linakumbuka mahali ulipo kwa GPS na linaweza kufungua lenyewe likikaribia nyumbani. Ukiweka hiyo, angalia umbali uliouchagua usiwe mkubwa mno, mlango usije ukabaki wazi wakati umepita tu mtaani.

Mbezi_Juu — #16

Wakuu nawafuatilia kutoka Dar. Gari ni la Kijerumani lililoletwa kutoka Uingereza, lina vitufe hivyo vyenye kijumba. Kwetu gereji za mlango wa kupanda ni chache, nina geti la kuteleza la umeme. Rimoti imeandikwa 433.92 MHz nyuma. Inawezekana?

Waya Mbili — #17

Inawezekana ndugu, lakini 433.92 ni nusu ya jibu. HomeLink za magari ya Ulaya zinafika 433 na hata 868 MHz, kwa hiyo masafa si kikwazo. Kikwazo ni mfumo wa msimbo wa mtengenezaji wa mota ya geti. Fungua rimoti: ukikuta swichi ndogo, au kama ni zile rimoti ambazo fundi wa mtaani anakutolea nakala kwa dakika moja bila kufika kwenye geti, gari litanakili moja kwa moja. Kama kila rimoti mpya lazima iandikishwe kwenye bodi ya mota, ni msimbo unaobadilika. Hapo ingia tovuti ya HomeLink, chagua gari na chapa ya mota, uone kama wanaujua mfumo huo.

Ukikuta hawaujui, funga risiva ya nje ambayo HomeLink inaijua. Karibu kila bodi ya geti ina mahali pa kuunganisha kitufe cha kawaida. Kwenye bodi za Centurion (chapa ya mota za mageti) ni TRG na COM. Waya mbili za risiva, upande ulio wazi kwa kawaida (umeandikwa NO), zinaingia hapo. Umeme wa risiva uchukue kwenye sehemu ya vifaa vya ziada ya bodi, 12 au 24 V kulingana na bodi, na ulinganishe na kile risiva inachotaka kabla ya kuwasha.

Kosa linalofanyika mara nyingi hapo ni kuacha risiva kwenye mkao wa kushikilia. Weka mkao wa mpigo, sekunde moja au chini ya hapo. Ikishikilia, bodi nyingi zinaona kitufe bado kimebonyezwa, na geti halitajifunga lenyewe muda ukifika.

Mbezi_Juu — #18

Nimeelewa mkuu. Rimoti ni ya kuandikisha kwenye bodi, haina swichi ndani. Risiva iwe ya njia moja au mbili?

Waya Mbili — #19

Chukua ya njia mbili. Ya kwanza TRG kwa geti lote. Ya pili ipeleke kwenye PED kama bodi yako inayo, geti lifunguke kidogo tu kwa mtu wa miguu, na kitufe cha pili cha gari kipate kazi. COM inaweza kuwa ya pamoja kwa zote mbili.